Siku Nne za Pangani: Nikifuata Daftari la Duka la Familia

Safari hii niliifanya kuanzia Alhamisi tarehe 8 Agosti 2024 hadi Jumapili tarehe 11, nikiitumia sikukuu ya Nane Nane pamoja na siku moja ya ruhusa kazini. Nimeiandika baada ya kurudi Dar es Salaam, kutokana na kijitabu changu, vipande vichache vya tiketi na picha zaidi ya mia moja zilizo kwenye simu, ambazo karibu nusu yake ni za milango ya mbao. Sikwenda Pangani kwa ajili ya fukwe, ingawa fukwe zake ni nzuri. Nimekulia nyuma ya kaunta ya duka la mjomba wangu, nikipima mchele na kuandika madeni ya majirani, na kwa miaka mingi nimejiuliza ni nini hasa kinachorithiwa mtu anaporithi duka. Pangani ni mji mdogo uliofanya biashara kubwa kabla ya miji mingi tunayoijua leo, kwa hiyo niliona ndiko mahali pa kwenda kuuliza.

Alhamisi, 8 Agosti: Dar es Salaam hadi Tanga

Basi liliondoka stendi ya Mbezi saa moja kasorobo asubuhi, nauli ikiwa shilingi 20,000. Hadi Chalinze hapakuwa na la kusimulia. Tulipopita Mkata gurudumu la nyuma lilipasuka, na ikabainika kwamba gurudumu la akiba nalo halikuwa na upepo, jambo ambalo kondakta alilieleza kwa utulivu wa mtu aliyekwisha kulieleza mara nyingi. Tulikaa kivulini kwa saa mbili na robo. Mama mmoja aliyekuwa akirudi Muheza alifungua kiroba cha machungwa, akatugawia abiria tuliokuwa karibu naye, na nilipotaka kumlipa akasema, "Mwanangu, machungwa ya kwetu hayauzwi njiani, yanauzwa mjini." Huyu mama na dada zake wawili wanauza machungwa ya shamba aliloliacha baba yao, na kila mmoja ana wateja wake wa jumla ambao wenzake hawaruhusiwi kuwagusa. Niliandika hilo kwenye kijitabu, kwa kuwa lilikuwa kanuni ya kwanza ya biashara ya familia niliyoisikia katika safari nzima: mali ni ya wote, mteja ni wa mtu.

Tulifika Tanga saa kumi jioni. Chumba nilipata kwa shilingi 30,000, chenye feni na chandarua, katika nyumba ya wageni inayoendeshwa na mume, mke na binti yao. Jua lilipopungua nikatembea hadi kituo cha zamani cha reli, maana bila reli hiyo habari ya Pangani haieleweki. Wajerumani walianza kuijenga hapa Tanga mwaka 1893, ikafika Muheza mwaka 1896 na Mombo mwaka 1905, kisha Moshi miaka michache kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Kabla ya hapo, pembe za ndovu, watumwa na bidhaa nyingine za bara zilikuwa zikishuka kwa misafara hadi Pangani, mdomoni mwa mto, na nguo na shanga zikipanda kwa njia hiyohiyo. Treni ilipoanza kushusha mizigo bandarini Tanga, mfanyabiashara wa Pangani alijikuta amekaa kwenye njia ambayo haipiti mtu. Hakuna aliyemfukuza, wateja ndio waliogeuza uso.

Kwa atakayefuata: mabasi ya asubuhi ya Dar kwenda Tanga ni mengi, lakini ukitaka kulala Pangani siku hiyohiyo shika basi la kwanza kabisa, kwa sababu magari ya kutoka Tanga kwenda Pangani hupungua sana baada ya alasiri.

Ijumaa, 9 Agosti: Tanga hadi Pangani

Daladala ya Pangani huondoka ikijaa, na ilijaa saa tatu na nusu. Nauli ilikuwa shilingi 5,000. Umbali ni kama kilomita 50 tu, lakini barabara ilikuwa katika ujenzi: mara unateleza juu ya lami mpya kabisa, mara unaingizwa kwenye njia ya mchepuko yenye vumbi jekundu linaloingia hata kwenye madirisha yaliyofungwa. Kijana aliyeketi pembeni yangu alikuwa amebeba feni mbili na katoni ya tambi za dukani kwao, akanieleza kwamba barabara ikikamilika baba yake hatalala tena Tanga siku za kununua mali. Kisha akanyamaza kidogo, akaongeza kwamba wateja wao nao hawatalala Pangani. Watakwenda kununua Tanga wenyewe na kurudi mchana. Nilidhani nimekuja kuuliza mambo ya miaka 130 iliyopita, kumbe swali lenyewe lilikuwa limeketi nami kwenye kiti kimoja.

Nilifika saa tano na nusu, nikaacha mkoba kwenye nyumba ya wageni na kukimbilia mtaa ambao wenyeji bado wanauita India Street. Lilikuwa kosa la kizembe: ilikuwa Ijumaa, na kila mlango ulikuwa ukifungwa kwa ajili ya swala. Nikabaki na milango iliyofungwa kwa saa mbili, jambo lililogeuka kuwa bahati, kwa sababu mlango wa duka la zamani husomwa vizuri zaidi ukiwa umefungwa. Ni milango ya mbao mizito, mingine ya mbao nyembamba zinazokunjwa na kupangwa moja baada ya nyingine, na mbele yake kuna baraza ya mawe iliyolainishwa na makalio ya wateja wa vizazi kadhaa. Ghorofani kuna roshani za mbao, nyingi zikiwa zimelegea. Mpango ni uleule jengo hadi jengo: chini duka, nyuma ghala na ua, juu nyumba ya familia. Mtu alishuka ngazi akawa kazini, akapanda ngazi akawa mume wa mtu.

Hapa inafaa kueleza duka hizo zilisimama juu ya nini. Katika karne ya 19 fedha za biashara ya pwani hii zilitoka Zanzibar, kwa kampuni kubwa za familia za Kihindi. Mojawapo, ya Jairam Shivji, ilikodi forodha nzima ya Sultani, yaani haki ya kumkusanyia ushuru, kwa miaka mingi. Baadaye Tharia Topan naye akaishika forodha hiyo. Tajiri wa Zanzibar alimpa mwenye duka wa pwani magora ya nguo za merikani na kaniki bila kulipwa taslimu, mwenye duka naye akawapa wenye misafara, na hao wakawapa watu wa bara, kila mmoja akingoja aliye mbele yake arudi. Waswahili tuna jina la mali ya namna hiyo: mali kauli, yaani mali iliyotoka kwa neno la mtu. Hata mashamba ya miwa ya kando ya mto Pangani yaliendeshwa kwa mikopo ya wafanyabiashara wa Kihindi. Maneno tunayoyatumia benki leo bila kufikiri, kama hundi na laki, yaliletwa na watu hao hao.

Mnyororo wa namna hiyo hukatika vibaya unapokatika. Mwezi Agosti 1888 kampuni ya Kijerumani ilianza kuisimamia pwani kwa mkataba na Sultani, na vita vilivyoongozwa na Abushiri bin Salim, ambaye mwenyewe alikuwa na shamba la miwa karibu na hapa, vikaanzia Pangani. Wajerumani waliuteka tena mji mwezi Julai 1889, na Abushiri akanyongwa hapahapa Pangani tarehe 15 Desemba mwaka huo. Historia ya shule hutuambia habari ya bendera na ya kitanzi. Nilipokuwa nimekaa barazani nikingoja swala iishe, nilikuwa nikiwaza jambo dogo zaidi: katika miezi ile yote ya mizinga, nani alikuwa akilipa madeni?

Saa nane maduka yakafunguka. Katika la tatu nililoingia, la rejareja, nilimkuta mzee wa miaka sabini hivi amekaa nyuma ya kaunta yenye kioo kilichopasuka na kubandikwa utepe. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, akaniuliza nataka nini. Nikanunua soda na kumweleza. Hakucheka wala hakushangaa. Alisema tu, "Basi umekuja mahali pake, lakini kaa upande huo, hapo unawazibia wateja."

Duka hili, alinieleza, halikuwa la familia yake mwanzoni. Lilikuwa la Mhindi mmoja Mbaniani, yaani mfanyabiashara wa Kihindu, na baba yake mzee huyu aliingia akiwa mvulana wa kufagia, akapanda hadi kuwa msaidizi wa duka, akawa mtu anayeachiwa funguo. Serikali ilipotwaa majumba ya kupangisha kwa sheria ya Aprili 1971, yale yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000 ambayo wenyewe hawakuyakaa yote, jengo hili halikuguswa kwa kuwa thamani yake haikufika huko. Hata hivyo tajiri wa baba yake aliona dalili zinamtosha. Mwaka uliofuata aliiuza mali iliyokuwamo kwa msaidizi wake, kwa bei ambayo ingelipwa kidogokidogo kwa kutumwa Tanga kwa ndugu wa tajiri, na juu ya mali hiyo akaacha kitu ambacho hakikuwekewa bei.

Mzee aliinuka, akaingia nyuma, akarudi na furushi lililofungwa kwa kanga. Ndani yake mlikuwa na daftari refu na jembamba, lenye jalada la kitambaa chekundu kilichofifia kuwa rangi ya tofali, likiwa limeshonwa kwa uzi mnene katikati. Wafanyabiashara wa Kihindu wa Kigujarati hufungua daftari jipya wakati wa Divali na kuliombea dua. Hili lilikuwa la mwisho kufunguliwa katika duka hili. Kurasa zake zimejaa maandishi ya Kigujarati yaliyoning'inia kama nguo kwenye kamba, na tarakimu ambazo sikuweza kusoma hata moja. Mchwa walikuwa wamekula kona ya chini, wakaacha tundu la umbo la mwezi mchanga linalopita kurasa zote arobaini na kitu. Mzee naye hajui kulisoma. "Baba pia hakujua," alisema. "Lakini alijua nani yumo, maana wakati linaandikwa alikuwa amesimama hapo ulipo wewe, anapima."

Tajiri alimwambia baba yake kwamba madeni yaliyomo ni yake, atakayoyapata ni halali yake. Nikamuuliza kama watu walilipa, hali mdai ameondoka na daftari halisomeki. Akasema wengi walilipa, wavuvi kwa samaki na wenye minazi kwa nazi, kwa sababu ambayo kwake ilikuwa wazi kabisa: wangekopa wapi tena? Aliniruhusu kupiga picha kurasa sita. Sura yake hakutaka ipigwe.

Jumamosi, 10 Agosti: Pangani, Bweni na kurudi dukani

Kifungua kinywa nilikipata kwa mama mmoja karibu na soko: chai ya maziwa, vitumbua vitatu na kipande cha mkate wa kumimina, jumla shilingi 2,500. Meko ni ya mama yake, vikaango ni vya bibi yake, na binti yake ndiye mwenye kuchukua malipo kwa simu. Katika habari za biashara za familia, wanawake wa namna hii hutajwa mwishoni kama wakitajwa, ati kwa kuwa hawana mlango wala jina lililochongwa juu ya kizingiti. Huyu alinihesabia vizazi vitatu bila kumeza mate, na hakuna duka nililolikuta India Street lililoweza kufanya hivyo chini ya paa lilelile.

Nilivuka mto kwenda Bweni kwa kivuko, kwa nauli isiyofika hata shilingi elfu moja kwa mtembea kwa miguu. Nguzo za daraja jipya zilikuwa zimekwishachomoza majini. Upepo wa kusi ulikuwa mkali, mawimbi yakawalowanisha kuku waliofungwa miguu sakafuni, na mwenyewe akawafunika kwa koti lake.

Ng'ambo, chini ya mwembe, palikuwa na mashua iliyojengwa nusu. Fundi ni mtu wa makamo, akifanya kazi na wanawe wawili na mpwa wake mmoja. Nilikaa nao karibu saa tatu, na sehemu kubwa ya muda huo nilimtazama kijana mdogo akitoboa ubao kwa keekee: upinde mkono wa kulia, kichwa cha chombo kikikandamizwa kwa kifuu cha nazi mkono wa kushoto, kamba ikizungusha chuma mbele na nyuma, vumbi la mbao likitoka kama unga wa mahindi. Ana keekee ya umeme nyumbani, baba yake alisema, lakini huku hakuna pa kuichomeka. Hakuna mchoro wa mashua. Mkuku, yaani uti wa chini wa mashua, hupimwa kwa dhiraa, taruma, yaani mbavu zake, huchaguliwa kwa jicho kutoka matawi yaliyojipinda yenyewe, na kipimo cha tumbo la chombo fundi anacho mkononi, shibiri kwa shibiri, kama alivyopewa na baba yake. Nilipomuuliza ni mkono wa nani hasa, kwa kuwa wanawe wana mikono mikubwa kuliko yeye, alicheka sana na kusema kwamba ndiyo maana mashua za siku hizi ni pana.

Malipo yake nayo ni mali kauli iliyogeuzwa. Mvuvi hutoa kianzio cha kununulia mbao, na kilichobaki hulipa chombo kikishaingia majini, kwa sehemu ya samaki wa kila safari. Fundi anabaki na masilahi katika chombo alichokwisha kukikabidhi, na kwa sababu hiyo hakalafati ovyo, yaani hazibi mianya ya mbao kizembe. Ikivuja, fedha zake ndizo zinazozama.

Si mbali na hapo, upande huohuo wa kusini mwa mto, ndiko Kikogwe, ambako mkonge wa kwanza wa nchi hii ulipandwa mwaka 1893. Mtaalamu wa Kijerumani Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 kutoka Florida, na iliyofika ikiwa hai ilikuwa 62. Kutokana na miche hiyo Tanganyika ilikuja kuwa mzalishaji mkubwa kuliko wote duniani, na katikati ya miaka ya 1960 mavuno yalipita tani 200,000 kwa mwaka. Fedha za mkonge zilikuza kampuni za familia kama ya Karimjee Jivanjee, iliyoanzia Zanzibar mwaka 1825 na baadaye kumiliki mashamba katika mkoa huu wa Tanga. Kampuni ya ukubwa huo, zao moja likianguka au sheria ikibadilika, huwa na mahali pengine pa kukanyaga. Duka la Pangani lililowauzia vibarua wa mkonge unga na mafuta ya taa lilikuwa na vibarua hao tu.

Kwa atakayefuata: bebeni fedha taslimu za kutosha, hasa noti ndogo. Mawakala wa fedha za simu wapo, lakini Jumamosi jioni wawili kati ya watatu niliowafuata waliishiwa. Vaeni mavazi ya heshima mjini, na ombeni ruhusa kabla ya kupiga picha ya mlango wowote, kwa kuwa nyuma ya kila mlango kuna mtu.

Alasiri nilirudi kwa mzee, safari hii nikiwa na mkate wa kumimina aliyonifungia yule mama wa asubuhi, ambaye alikataa katakata kuulipisha aliposikia ninampelekea nani. Tulikunywa chai, na yeye akawa anauza huku akisimulia. Azimio la Arusha la Februari 1967 alilikumbuka kwa sherehe za shule. Mwaka 1976 aliukumbuka kwa Operesheni Maduka, pale maduka ya watu binafsi vijijini yalipoamriwa kufungwa ili maduka ya ushirika na ya vijiji yachukue nafasi. Amri ililenga vijiji, lakini hofu haisomi mipaka, na baba yake alifunga mlango wa mbele kwa miezi kadhaa, akauzia uani, kwa waliojua kugonga. Operesheni yenyewe haikudumu, kwa kuwa watu walikosa hata chumvi.

Mwaka 1983 ndio aliousimulia kwa sauti ya chini. Ulikuwa mwaka wa msako wa walanguzi na wahujumu uchumi, na mtu aliyekutwa na sabuni nyingi kuliko alizoweza kuzieleza alikuwa na kesi. Mzee, wakati huo akiwa kijana, anakumbuka asubuhi moja maji yalipokupwa, watoto wakiokota miche ya sabuni kwenye matope ya mto, ambako mtu alikuwa ameitupa usiku. Hakuna aliyeuliza ni ya nani. Kila mama alifua wiki ile. Mwaka uliofuata serikali iliruhusu wenye fedha zao za kigeni kuingiza bidhaa, rafu zikaanza kujaa tena, na baba yake akafungua mlango wa mbele kwa mbao zote.

Wakati tukizungumza, msichana wa miaka kumi hivi alikuja kununua nusu kilo ya sukari na kibiriti. Hakutoa fedha. Mzee alipima, akafunga, akavuta daftari la shule lenye picha ya mchezaji mpira kwenye jalada, akaandika mstari mmoja kwa Kiswahili. Nilichungulia: hapakuwa na jina, pameandikwa "nyumba ya mkwaju". Mtoto yeyote wa nyumba hiyo anaweza kuja, na deni ni la nyumba. Nilimuuliza nani atalirithi daftari hili. Ana watoto wanne, mmoja mwalimu, wawili wako Dar es Salaam, na wa mwisho ana duka la vocha na vifaa vya simu palepale mtaani. Huyo wa mwisho, alisema kwa masikitiko yasiyo makubwa sana, hakopeshi.

Jumapili, 11 Agosti: Pangani hadi Tanga, kisha nyumbani

Niliondoka na daladala ya saa kumi na mbili asubuhi. Vumbi lilikuwa lilelile.

Mwenye nyumba ya wageni ya Tanga, nilipomtumia picha za daftari nikiwa bado Pangani, alinipigia simu kuniambia anamfahamu mwalimu mstaafu, mama wa Kihindi aliyezaliwa Tanga, anayesoma Kigujarati vizuri. Alinipeleka mwenyewe kwa pikipiki yake na hakutaka hata fedha ya mafuta. Mama huyo alitupokea kwa chai ya tangawizi, akavaa miwani, akaiweka simu yangu juu ya mto wa kochi, akaanza kusoma huku akikuza picha kwa vidole viwili kama mtu anayefungua ganda la njugu.

Nilikuwa nimetarajia majina na madeni, na majina yalikuwapo kweli, yameandikwa kama sikio la Kigujarati lilivyoyasikia, kiasi kwamba ilitubidi tuyatamke kwa sauti mara tatu ndipo tuyatambue. Mafuta ya taa. Sukari guru. Kitambaa yadi nne. Nazi 200, zimepokelewa, deni limepunguzwa. Lakini kwenye ukurasa wa nne mama alisita, akarudia, kisha akasema hapa si wateja tena. Palikuwa na ada ya shule, dawa, mafuta ya nywele, shilingi tano za mchango wa hekalu, na nauli ya watu watatu hadi Tanga. Mwenye duka aliandika matumizi ya nyumba yake katika daftari lilelile la wateja, mstari kwa mstari, kana kwamba familia yake nayo ilikuwa ikikopa dukani. Mama hakuona ajabu yoyote. Kwao pia, alisema, baba yake alifanya vivyo hivyo, na yeye mtoto alijua kiatu chake kimegharimu kiasi gani kwa sababu kilisomwa kwa sauti mwisho wa mwezi.

Kwenye ukurasa wa sita ndipo tulipomkuta msaidizi wa duka. Jina lake lilikuwa katikati ya matumizi ya nyumba, baada ya dawa na kabla ya maziwa, na si pamoja na wateja. Mshahara, koti moja limekatwa, mbele ya hapo baki shilingi 14.

Basi la Dar liliondoka saa saba mchana na halikuharibika. Nikiwa njiani, baada ya Segera ambako mtandao ulikuwa mzuri, nilimpigia mzee kumweleza yote, pamoja na ada ya shule na nauli ya watu watatu. Alisikiliza kimya hadi nilipofika kwa baba yake.

"Baki ya nani?" aliuliza. "Alikuwa anadaiwa, au anadai?"

Nilimwambia mama ameisoma mara mbili, na ni tajiri aliyekuwa akidaiwa na baba yake. Kwa muda nilisikia kelele za dukani tu, mtu akiuliza bei ya mshumaa na mzee akimjibu.

"Sasa hizo kumi na nne," akasema aliporudi kwenye simu, "mimi nimdai nani?"